Mvua Haina Kosa: Sababu za Kupotea kwa Sauti ya Simu ya Upepo

Wako watu wengi waaminio kwamba mvua ndiyo adui wa simu ya upepo. Mawingu yakitanda na sauti ikapotea redioni, husema, "Ni mvua hiyo." Kesho yake mbingu ikiwa nyeupe bila hata wingu moja, na sauti ikapotea vilevile, hawana la kusema. Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na neno lao ni kweli. Lakini dalili ya kupotea kwa sauti si mawingu. Mtu aitafutaye habari ya simu ya upepo kwa kutazama mawingu, hutazama mbingu isiyohusika.

Jambo hili si la mchezo. Mji wa Mandera uko mbali na Nairobi kiasi cha maili 500. Tuseme kwamba katika zahanati iliyo upande ule, mahali pasipofikiwa na simu nyingine, mama mjamzito amezidiwa saa tisa za usiku, naye mganga wa zahanati afungua mtambo wake wa simu ya upepo ili kuomba msaada. Akiita kwa wimbi lililomfaa saa sita za mchana, huenda asisikiwe na mtu yeyote, hata kama nyota zote zinang'aa. Akiita kwa wimbi lifaalo usiku, huenda akajibiwa mara moja, hata kama mvua inapiga juu ya mabati ya nyumba yake. Tofauti haitoki katika nguvu za mtambo. Hutoka katika maarifa ya yule autumiaye.

WIMBI LIPANDAVYO MLIMA WA MAJI

Wimbi la redio ni ndugu wa mwanga. Huenda kwa mwendo wa maili 186,000 kila sekunde, na tabia yake ni kwenda moja kwa moja. Dunia nayo ni mviringo. Basi wimbi litokalo Nairobi, kama lingefuata tabia yake tu, lingeiacha ardhi likapotelea angani, na Mandera ingebaki chini yake bila kusikia neno.

Hivyo ndivyo wataalamu wengi walivyodhani hapo zamani. Lakini tarehe 12 Desemba 1901, Mwitaliano aitwaye Guglielmo Marconi alikuwa katika kilima cha Signal Hill, karibu na mji wa St. John's huko Newfoundland, akiwa na waya ulioinuliwa hewani na tiara kubwa. Ng'ambo ya bahari, mahali paitwapo Poldhu katika Uingereza, watu wake walikuwa wakipeleka herufi S kwa alama za simu, yaani nukta tatu, tena nukta tatu. Marconi alisema amezisikia. Kati ya mahali hapo pawili pana maili kama 2,100 za bahari, na kwa sababu ya mviringo wa dunia maji hayo husimama katikati kama mlima mkubwa. Watu wakaulizana: wimbi limeupandaje mlima huo?

Mwaka uliofuata, 1902, wataalamu wawili, Arthur Kennelly wa Marekani na Oliver Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walitoa shauri kwamba juu sana angani pana tabaka lenye umeme, nalo hurudisha mawimbi chini kama dari lirudishavyo mpira. Mwaka 1924 Edward Appleton, pamoja na mwenzake Miles Barnett, walitumia mtambo wa kutangazia uliokuwa Bournemouth, wakapima kimo cha tabaka hilo na kuonyesha kwamba kweli lipo. Kwa kazi yake ya kuchunguza anga la juu Appleton alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1947. Siku hizi anga hilo huitwa ayonosfia.

DARI LENYE GHOROFA

Yafaa kulinganisha kimo cha mambo haya. Mawingu makubwa ya radi katika nchi zetu za joto huinuka mpaka maili 10 hivi, na mvua, upepo na mawe ya barafu tuyajuayo sisi yote yamo chini ya kimo hicho. Ayonosfia huanza kwenye kiasi cha maili 40 na kuendelea juu kupita maili 200. Hivyo wingu na dari la redio havikutani. Wingu ni kama moshi wa jikoni, na dari lenyewe ni kama paa la kanisa kubwa.

Kinacholifanya dari hilo ni jua. Miali mikali ya jua huzipiga chembe za hewa iliyo nyembamba kule juu na kuzibandua vipande vidogo sana vya umeme, viitwavyo elektroni. Elektroni hizo ndizo zigeuzazo njia ya wimbi na kulirudisha chini.

Dari hilo lina ghorofa. Ya chini huitwa D, nayo ina tabia mbaya: hairudishi mawimbi mafupi, bali huyanyonya kama mchanga unyonyavyo maji. Juu yake iko E, kwenye maili 60 au 70. Juu ya zote iko F, kutoka maili 100 hivi mpaka kupita 200, na hiyo ndiyo ibebayo kazi kubwa ya safari za mbali. Mruko mmoja wa wimbi kutoka ardhini hadi F na kurudi waweza kufika maili 2,500. Kutoka Nairobi hadi London ni kama maili 4,200, kwa hiyo wimbi halina budi kuruka mara mbili au zaidi, likigonga dari, kisha nchi kavu au bahari, kisha dari tena.

MCHANA NA USIKU

Mawimbi mafupi ni yale yenye urefu wa mita 10 mpaka mita 100. Wataalamu huyataja pia kwa megahezi 30 mpaka megahezi 3. Yafaa kukumbuka kwamba hesabu hizo mbili zapingana: mita zikiwa nyingi, megahezi ni chache. Wasikilizaji wa redio wamezoea kuziona mita hizo zimeandikwa kwenye uso wa redio: 16, 19, 25, 31, 41, 49, 60, 90. Watu wengi huziona kama mapambo tu, kumbe ndizo funguo za mlango.

Mchana jua huwa kali. Ghorofa ya D hupata nguvu na kuyanyonya mawimbi ya mita nyingi, kama 60 na 90, hata yasifike mbali. Mawimbi ya mita chache, kama 16, 19 au 25, hupenya D bila kupungukiwa sana, hufika F, na kurudishwa. Usiku D hutoweka upesi baada ya jua kushuka. F hubaki, lakini kila saa ipitayo yapungukiwa na elektroni, mpaka karibu na alfajiri ambapo huwa dhaifu kuliko saa zote. Sasa mawimbi ya mita chache hulitoboa dari na kupotelea angani, bali yale ya mita nyingi, yaliyonyonywa mchana, yakuta njia imefunguliwa.

Marconi mwenyewe aliliona jambo hili mapema. Mwezi wa Februari 1902, alipokuwa akisafiri katika meli iitwayo Philadelphia, aligundua kwamba usiku alama zilimfikia kutoka mbali zaidi kuliko mchana. Hakuna mvua iliyohusika katika hayo, wala wingu.

Kwa hiyo yule mganga wa kaskazini, akitumia mita 31 au 41 mchana, hana budi kushuka kwenye mita 60 au 90 usiku wa manane. Asipobadili, sauti yake itapaa juu na kwenda zake, naye atadhani mtambo umeharibika.

Liko pia jambo liwashangazalo wengi: mtu wa Nairobi aweza kumsikia mtangazaji wa Ulaya waziwazi, na asimsikie aitaye kutoka Mombasa kwa wimbi lilelile, ingawa Mombasa ni karibu. Sababu ni hii. Wimbi liendalo mbali hulipiga dari kwa ubavu na kurudi kwa urahisi. Wimbi liendalo karibu hulipiga dari karibu wima, na likiwa la mita chache hulitoboa. Hapo katikati hubaki eneo la kimya, sauti inaliruka kama mtu arukaye mtaro. Dawa yake ni kutumia mita nyingi zaidi, na kuutandaza waya wa eriali ulale sawasawa, usiwe juu sana, ili wimbi lirushwe wima. Hurudi likatawanyika pande zote, kama maji yaelekezwayo kwenye dari yanyeshavyo chumba kizima.

KOSA LA MVUA NI LIPI, NA LA RADI NI LIPI?

Basi je, mvua haina kosa kabisa? Kwa mawimbi mafupi, matone ya mvua ni madogo mno yasiweze kulizuia wimbi lenye urefu wa mita 30 au 60. Mambo ni mengine kwa mawimbi madogo sana, yenye urefu wa sentimeta chache, yatumiwayo na sahani za televisheni zipokeazo kutoka angani. Hayo huzuiwa na mvua kubwa, na mwenye nyumba huona picha ikikatika. Huenda ndiko lilikotoka kosa la kuilaumu mvua kwa kila jambo.

Mvua yaweza kuleta taabu kwa njia nyingine, na hizo zote ziko chini, si juu. Maji yakiingia penye maungio ya waya, umeme huvuja. Upepo wa dhoruba waweza kuiangusha nguzo. Vumbi kavu lipeperushwalo na upepo mkali, kama katika nchi ya Turkana, huupaka waya wa eriali umeme na kutoa mlio wa kuchemka redioni. Hayo ni maradhi ya vyombo, nayo hutibiwa kwa mikono na ngazi.

Radi ndiyo mkosaji wa kweli katika mambo ya hali ya hewa. Kila umeme wa radi ni mtambo mkubwa wa kutangazia, usio na maneno ila kelele. Kelele hizo ni nyingi zaidi katika mawimbi ya mita nyingi, na hupungua kadiri mita zipunguavyo. Nazo husafiri kwa njia ileile isafirishayo sauti: hupanda kwenye dari na kurudi chini mahali pengine, mbali sana. Bonde la mto Kongo na eneo la Ziwa Victoria ni baadhi ya sehemu za dunia zenye radi nyingi kuliko nyingine zote, na wakulima wa Kericho na Kisii hawahitaji kuambiwa habari hiyo, maana mawe ya barafu yameharibu chai na mazao yao mara nyingi. Basi mtu wa Machakos aketiye chini ya nyota usiku aweza kusikia redio yake ikikwaruza kwa sababu ya radi zipigazo Kongo. Kwake ni kukavu, lakini dari lamletea dhoruba ya wengine.

Hapo ndipo penye mvutano. Usiku dari lataka mita nyingi, na radi yataka mita chache. Mtumiaji hodari hutafuta njia ya kati: huchagua mita chache kuliko zote ambazo dari bado laweza kuzirudisha. Akizidisha mita, radi humzamisha. Akizipunguza mno, sauti yake huenda isirudi.

TAABU ZA IKWETA

Nchi zilizo karibu na ikweta zina taabu yao wenyewe. Ikweta ya sumaku ya dunia haiko sawa na ikweta ya ramani. Katika upande huu wa Afrika hupita Ethiopia, na Kenya imo karibu nayo. Baada ya jua kutua, ghorofa ya F katika eneo hilo mara nyingine huchafuka, ikatokwa na mapovu makubwa kama uji unaochemka. Wimbi lipitalo humo hurudi limevunjika vipande, na sauti ya msemaji hutetemeka kama ya mtu mwenye homa. Booker na Wells waliyaandika mambo haya mwaka 1938 baada ya kuyachunguza huko Huancayo katika nchi ya Peru, ambako ikweta ya sumaku pia hupita karibu. Katika Afrika machafuko hayo huzidi hasa karibu na Machi na Septemba, na katika miaka ambayo jua lina madoa mengi. Kwa kawaida hutulia baada ya usiku wa manane, na asiye na haraka hufanya vema kungoja.

JUA LIKIUGUA

Jua nalo lina vipindi vyake. Madoa meusi juu ya uso wake huongezeka na kupungua kwa muda wa miaka 11 hivi. Madoa yakiwa mengi, dari la mchana huwa na nguvu, na hata mita 10 au 13 huweza kusafiri mbali. Yakiwa machache, mita hizo hunyamaza. Katika miaka ya 1957 na 1958 madoa yalihesabiwa kuwa mengi kupita wakati wowote ulioandikwa. Kilele cha karibuni kilifika mwaka 2024.

Mara kwa mara hutokea mlipuko juu ya jua. Miali yake hufika duniani baada ya dakika nane, ikaizidishia nguvu ghorofa ya D hata ikameza karibu mawimbi yote mafupi kwa upande wa dunia ulioelekea jua. Siku moja, mbili au tatu baadaye yaweza kufuata dhoruba ya sumaku, ambayo huidhoofisha ghorofa ya F kwa saa nyingi.

Tarehe 6 Septemba 2017 ilionyesha jinsi hali mbili za anga ziwezavyo kukutana. Alfajiri ya siku hiyo tufani iliyoitwa Irma, yenye upepo wa maili 185 kwa saa, ilikipiga kisiwa cha Barbuda katika bahari ya Karibi, kisha kikafuata kisiwa cha Saint Martin. Nyumba zilibomoka na minara ya simu ikaanguka. Watu wa redio wajitoleao, ambao tangu mwaka 1965 wana chama chao cha kulinda habari za tufani, walikuwa wakiita visiwani kwa mawimbi mafupi, maana njia nyingine zilikuwa zimekatika. Ilipofika saa mbili asubuhi kwa saa za huko, jua likalipuka kwa mlipuko mkubwa kuliko wote wa kipindi chake kilichoanza mwaka 2008. Mawimbi mafupi yakamezwa. Ndege moja iliyokuwa ikiruka mbali na pwani ya Brazil na Guyana ya Kifaransa haikusikiwa kwa muda wa dakika 90 hivi, mpaka ilipopatikana tena. Huku Kenya ilikuwa saa tisa alasiri, na Afrika yote ilikuwa imelielekea jua lilelile.

Mtu aliyekuwa Karibi siku ile angeapa kwamba tufani ndiyo iliyoinyamazisha redio. Tufani iliangusha nguzo, ni kweli. Lakini aliyelifunga dari alikuwa umbali wa maili milioni 93.

MASHAURI KWA WATUMIAJI

Kutokana na hayo yote, mambo machache yafaa kushikwa na kila mtu mwenye mtambo au redio ya mawimbi mafupi.

Kwanza, saa ndiyo itazamwe kabla ya mawingu. Mchana mita chache, usiku mita nyingi, na wakati wa mapambazuko na machweo kuwa tayari kubadili.

Pili, umbali ukumbukwe. Kwa mahali pa karibu mita ziwe nyingi kuliko za safari ya mbali kwa saa ileile.

Tatu, watu wanaoitana wapatane mapema mawimbi mawili au matatu na saa za kuhama kutoka moja hadi jingine. Iko mitambo ya siku hizi ijaribuyo yenyewe mawimbi mbalimbali na kuchagua lililo bora, lakini hata hiyo hupewa orodha na mtu.

Nne, sauti ikipotea ghafula mchana, na vyombo vyote ni vizima, mtumiaji asiufungue mtambo kwa bisibisi. Ajaribu mita chache zaidi. Yakishindikana hayo, angoje nusu saa au saa moja na kuita tena. Huenda ni jua.

Tano, radi ikiwa karibu, waya wa eriali uondolewe katika mtambo kabla dhoruba haijafika, wala mtu asiushike wakati wa ngurumo. Radi ya mbali huharibu usikivu. Radi ya karibu huua.

Huduma ya madaktari wa ndege iliyoanzishwa katika Afrika ya Mashariki mwaka 1957 ilitegemea mawimbi mafupi kwa miaka mingi ili kusikia miito ya hospitali za mbali, na wagonjwa wengi walichukuliwa kwa sababu mtu fulani alijua wimbi la saa ile. Tangu hapo minara ya simu za mkononi imeenea, na vyombo vya angani huleta sauti mpaka jangwani. Hata hivyo Barbuda ilionyesha kwamba minara huanguka, na mtu mwenye waya, betri na maarifa aweza kubaki akisema na ulimwengu, ikiwa jua litamruhusu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mtambo wa zamani ulio pembeni mwa zahanati ufutwe vumbi na ujaribiwe kila juma, mchana na usiku, na karatasi ya saa na mawimbi yake ibandikwe ukutani mahali ambapo hata mgeni ataiona.